Tangi la Nne

Ilishuka KIA Jumatatu usiku, ndani ya kasha la risasi:
dhahabu ndogo kuliko chembe ya chumvi,
kasha zito kuliko mtoto wa darasa la pili.
Nilisaini mara tatu. Afisa wa forodha alirudi nyuma hatua mbili,
akauliza, "Ndiyo hii inayowaka?"
Haiwaki, nikamwambia. Inaondoka.
Kila siku tatu kasoro, nusu yake haipo.

Tulipofika Njiro ilikwisha kuanza safari.
Julai, Meru amejifunika mpaka shingoni,
na mimi nimevaa beji yangu ya mionzi juu ya sweta la mama.

Kiwanda kiko ng'ambo ya Themi, nyuma ya maghala ya mbolea.
Matangi sita, tope, sianidi, mkaa wa vifuu.
Miezi minne hesabu imegoma:
gramu zinazoingia si gramu zinazotoka.
Mwenye mali akafunga kamera, akaleta mbwa,
akawavua viatu watu wa zamu ya usiku,
akamfukuza Lomnyaki
kwa sababu Lomnyaki alikuwa amenunua pikipiki.

Siri ya mtungi aijuaye kata, tunasema.
Lakini kata ilishachovya humu mara mia
ikatoka na tope tu.

Basi tukamimina, mimi na Akyoo, kwa koleo ndefu,
tukifanya haraka kama watu wanaokula ugali wa moto.
Vihesabio tulikwisha vifunga viunoni mwa matangi,
nikawa nimeinama pale na kalamu
kama mkunga anayesikiliza tumbo.

Tangi la kwanza: ta, ta-ta, tatatata, kisha likatulia.
La pili vivyo hivyo, kwa uvivu zaidi.
La tatu halikuwa na neno.
La nne
likapitisha sehemu kubwa kwa dakika tisa
(mahali pa saa nne!)
na iliyobaki ikakataa kutoka.
Alhamisi alfajiri bado ilikuwa ikinong'ona mle chini,
upande wa kaskazini, palepale.

Wiki nne tulizuia mtu kulifungua.
Ndipo wakalikausha: bawa la mchanganyio limekatika,
mchanga umetuama goti zima,
na ndani yake dhahabu ya miezi minne,
haijaibwa na mtu, imelala tu.

Mwenye mali alichinja mbuzi wawili.
Nikamuuliza habari za Lomnyaki.
"Tutaona," akasema, akanisogezea mbavu.
Pikipiki iliuzwa Kisongo siku ya mnada, nilisikia,
kwa bei ya mtu mwenye shida.

Ripoti yangu ina kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa kumi nimeandika: Wizi, hakuna,
na jina lake kamili, Lomnyaki ole Saitoti Mollel, zamu ya usiku.
Mkuu wangu alizungushia kwa wino mwekundu.
Si la kisayansi, alisema. Nimeliacha.

Maana shahidi mwenyewe hayupo tena.
Dhahabu ile, baada ya kusema yote,
imegeuka zebaki, punje kwa punje,
na leo nikipitisha kihesabio juu ya tangi la nne
nasikia kile kinachosikika popote Arusha,
kwenye mawe ya ukuta, kwenye mkungu wa ndizi,
kwenye kiganja changu:
ta.
Kimya kirefu.
Ta.