Ubao wa Tatu Kutoka Mlangoni

Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani, ghorofani,
kwa Bi Mwanshehe, sakafu ni ya mbao:
mvule wa zamani, mgumu kuliko ahadi za wateja wangu.
Kanunua vigae kabla hajaniita.
Maboksi tisa, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
yamepangwa ukutani kama wageni waliowahi karamu.

"Vibandike tu, fundi."

Mama, ubao una pumzi.
Masika hutanuka, kiangazi hujikunyata;
kigae hakijui kujikunyata, kinajua kupasuka.
Kati ya hawa wawili lazima akae mshenga.

Nikang'oa kapeti la plastiki.
Chini yake magazeti, kalenda ya kabla sijazaliwa,
kifungo cha shati, harufu ya mafuta ya taa.
Nikatembea kwa kisigino, nikisikiliza
kama daktari anayegonga kifua cha mtoto.
Ubao wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya.
Wa tatu kutoka mlangoni ukalia: kwiii.

Bi Mwanshehe akatoka jikoni, mikono ina unga.
"Huo uache."
Kisha, akijifutia kwenye kanga:
"Mzee Kaniki alikuwa zamu ya usiku, relini.
Hakuwa na haja ya kubisha.
Ubao ukilia, naamka kumpashia chakula."

Sikujibu. Ufundi haukunifundisha la kujibu.
Nilipiga magoti, nikaitafuta boriti kwa kugonga,
nikaupa ule ubao skrubu nne.
Ya mwisho ilipozama
ulilia kidogo,
ukanyamaza.

Kisha gundi, na mwiko wa meno,
mistari iliyonyooka kama mkonge wa Ngomeni.
Bodi za saruji zikalala juu, zikipishana kama matofali:
pembe nne zisikutane mahali pamoja,
ufa hupenda njia panda.
Kati ya bodi na bodi, unene wa msumari;
kando ya ukuta, zaidi kidogo,
maana hata nyumba hujigeuza usingizini.
Skrubu kila shubiri, vichwa vizame, visichungulie.
Utepe wa wavu kwenye maungio,
gundi juu yake, mwiko ukapita, ukarudi, ukapita.

Haya yote hakuna atakayeyaona.
Wageni watasifu vigae.

Jioni akaja na chai, ndara mkononi,
akasimama kizingitini kama aliye kwa watu.
Akapiga hatua. Ya pili.
Ya tatu akaikanyaga mara mbili, kwa kisigino.

"Imara," akasema, akitazama dirisha.
"Imara," nikasema.

Vigae ni kesho, gundi ikauke kwanza.
Nikakusanya vifaa: pima maji, nyundo, penseli iliyobaki kidole.
Alipogeuka kwenda zake, mlango nyuma yake ukalia,
bawaba ya juu, ndefu, kama mtu anayeingia polepole asiamshe watoto.
Akasimama.

Nina chupa ya mafuta kwenye mkoba.
Nikaiacha humo humo.