Saa Nane na Dakika Kumi na Moja

Muuguzi Eluned alikigeuza kioo cha kompyuta
ili nami nione.
Nje, Port Talbot ilinyeshewa mvua ya mshazari,
ile isiyojali mwavuli.

Kidude chenyewe si kitu: plastiki ya kijani,
sawa na kifundo cha kidole gumba,
kimebanwa kichwani mwa pampu.
Ukibonyeza, kinakumbuka. Basi.
Hakina mdomo, hakina kiboko.
Ifor alikibandika picha ya kifaru
akakiita Karani.

Nilikuja na viapo vyangu tayari:
asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, kila siku,
mimi mwenyewe nasimama mlangoni nikihesabu.
Na pampu ya kahawia ilinitetea, karibu yote,
nguzo ndogo za rangi zimejipanga asubuhi,
jioni mapengo matatu, ya Jumatano,
siku zangu za zamu mbili. Hayo niliyameza.

"Sasa hii ya buluu," akasema Eluned,
sauti imeshuka
kama ya mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala.

Saa nane na dakika kumi na moja usiku.
Saa tisa kasoro robo.
Saa nane na nusu, mara mbili, kisha mara mbili tena.
Usiku kumi na tatu ndani ya mwezi mmoja.

Nilimtazama Ifor. Ifor alitazama viatu vyake.

Mimi huamka saa kumi kwenda kuoka mikate ya watu.
Kuta zetu ni nyembamba; jirani akipiga chafya
sisi tunamwombea afya.
Nami sikusikia kitu.
Kumbe kitu kilikuwepo:
mtoto wa miaka tisa amekaa kitako gizani,
mgongo ukutani, mabega yakipanda na kushuka,
anakohoa ndani ya mto ili kikohozi kisivuke ukumbi,
anabonyeza,
anahesabu hadi kumi kama alivyofundishwa,
anangoja kifua kifunguke
kama droo iliyokwama.

"Kwa nini hukuniamsha?"

Alichukua muda. Kwake maneno hugharimu pumzi.
"Ulikuwa umebakiza saa moja na nusu."

Alikuwa amepiga hesabu ya usingizi wangu.

Mficha maradhi, wanasema,
na mimi miaka yote
nilimsaka mfichaji huyo miongoni mwa watu wazima.

Eluned hakunilaumu. Alibadili dozi,
akauliza habari za ukungu nyuma ya kabati,
akaandika barua kwa wenye nyumba,
ya tatu sasa,
ila hii ina grafu.

Usiku huo nilikokota godoro langu hadi chumbani mwake.
Alilalamika kwamba nakoroma.
Saa nane nilikuwa macho, sikuitwa na mtu,
nasikiliza hewa ikiingia, ikitoka, ikiingia,
na Karani juu ya kimeza, kifaru chake kimebanduka pembe,
hana la kuandika.

Saa kumi nilikuwa nimezama usingizini.
Mguu mdogo ukanisukuma ubavuni:
"Mama. Mikate."