Kilo za Somoe

Machi, ghala la Tandahimba limebaki na harufu tu:
magunia ya katani, vumbi, na yale mafuta ya ganda la korosho
yanayobabua vidole hata msimu ukishakwisha.
Mzani umeachwa katikati, turubai begani,
kama mgonjwa aliyesahauliwa kwenye benchi la zahanati.

"Panda," nikamwambia Somoe Nandonde.
Akavua kandambili. Akapanda.
Mshale ukashtuka, ukatulia: hamsini na nane.

Tulikuwa na simu moja, tochi mbili,
na ngoma ya Chipande, aliyekaa nje ya mlango
kwa sababu ndani, alisema, bati linamjibu vibaya.
Nilipiga uso, nikafuta.
Nilipiga kiuno, nacho nikafuta,
si kwa ubaya wake, ila kila mwenye kamera
hufika huku Kusini na kukimbilia kiuno.
Nikashusha simu mpaka kwenye saa ya mzani
nikaiacha hapo. Dakika nne. Ndiyo filamu yote.

Ngoma ikaingia.
Magoti yakilegea: thelathini.
Kisigino: themanini na mbili.
Mabega tu, miguu imetulia,
na bado mshale unatetema juu ya hamsini na nane
kama nyuki mlangoni mwa mzinga.
Somoe haonekani popote.
Somoe ndiye kila namba.

Tulionyesha Jumamosi, shuka ukutani mwa chama cha msingi,
jenereta likikohoa nyuma ya choo.
Wakulima waliukodolea mshale
kwa macho yale yale ya Oktoba:
"Soma kwa sauti! Kilo ngapi hizo?"
"Toa uzito wa gunia!"
"Karani, ondoa mguu wako hapo!"
Vicheko. Mtu akatupia shuka maganda ya karanga.

Halafu Somoe akaruka.

Sikuliona hilo tulipopiga. Nililiona wakati wa kukata,
picha moja moja, saa nane usiku:
mshale unaanguka, unapita ishirini, unapita tano,
unagusa sifuri
na kukaa.
Picha tisa.
Nikazinyoosha zikawa sekunde kumi.

Sekunde kumi za sifuri, upana wa shuka mbili.
Hata Chipande, ndani ya filamu, hapigi.
Mkwango, aliyepeleka magunia kumi na moja
na stakabadhi ikasema tisa,
akasimama katikati ya mwanga, kivuli kikaufunika mzani.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo tulipoibiwa."

Hakuna aliyembishia.
Nami mkono ulikuwa tayari kwenye swichi.

Kutoka nyuma, mtoto mgongoni, mdomo umejaa muhogo,
Somoe akapaza sauti:
"Hapo hapana cha kuiba, Mkwango. Hapo nipo juu.
Kaa chini, bwana, unanizibia.
Nataka nione nilivyotua."