Daftari la Mizani

Mjomba Chilemba alishuka nayo kutoka Dar
ndani ya kasha la biskuti:
mashine nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku,
vishikio viwili vyenye nyaya fupi mno,
ikabidi tucheze magoti yakigusa televisheni.
Televisheni yenyewe inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe.
Aliyemuuzia alisema mbingu ya mchezo ni ya buluu.
Tulimwamini.

Newala, ukungu haubishi hodi.
Juni unapanda toka bondeni Ruvuma,
unapenya dirisha, unapenya nguo kambani,
unaingia hadi kwenye tundu la kanda
na kukaa katikati ya meno sitini ya shaba.
Asubuhi kioo ni chenga tupu,
mchele uliomwagika gizani.
Wavulana wanachomoa kanda, wanaipuliza: fuu! fuu!
Na mate yao ndiyo yaliyozidisha kutu.
Niliwaambia.
Nani amsikilize msichana wa darasa la tano?

Basi nikangoja waende machungani.
Bisibisi ya mjomba, skrubu tano
(moja haijaonekana mpaka leo).
Ndani: ubao wa kijani,
njia za shaba zikikunja kona pamoja
kama vichochoro vya Luchingu,
na chipu mbili nyeusi, tandu waliolala,
miguu yao imezamishwa katika risasi.
Nilidhani nitakuta kitu kikubwa zaidi.
Nilisugua meno kwa kifutio cha shule,
kisha kwa spiriti niliyoiomba zahanati
kwa kisingizio cha jipu.
Jipu halikuwepo. Mungu anisamehe.
Kioo kikatulia. Kifaru kikajitokeza,
mraba juu ya mraba, kikatafuna ukuta wa nukta.

Kuna kitu kimoja nilikitafuta mle nisikione:
mahali pa kuiweka jana.
Jenereta la mji likizimwa saa nne usiku,
mwenye alama elfu arobaini na mwenye sifuri
wanalala sawasawa.
Kukicha, viapo. Mnyachi anaapa kwa kaburi la babu yake,
Hashimu Liyumba anaapa kwa msahafu,
na mashine, ukiiwasha, inakuchekea upya
kama mgeni ambaye hujawahi kumlisha.
Siku Hashimu alipomng'ata mwenzake sikio
kwa ajili ya alama mia mbili,
nililifungua daftari la baba.

Baba alikuwa karani wa mizani, chama cha msingi.
Msimu ulikwisha, karatasi zilibaki na nafasi pembeni.
*Mnyachi baba, kilo 112, daraja la pili.*
*Mnyachi mwana, alama 9,600.*
*Liyumba baba, kilo 38, zimelowa.*
*Liyumba mwana, alama 41,200.*
*Somoe Nalinga, kilo 7. Mikorosho yake iliungua.*
Mbele ya Bibi Somoe sikuandika kitu.

Tangu hapo, kabla ya kuwasha, waliniuliza mimi.

Usiku mmoja wote walikwenda unyagoni, kutazama ngoma.
Nilibaki na kifaru.
Sitasema nilifika wapi. Vidole vilikufa ganzi,
nilisikia chipu zikichemka chini ya plastiki,
harufu ya vumbi linaloungua,
kisha jenereta likakohoa, giza.
Niliiandika kwa penseli. Nikaitazama kwa kibatari.
Nikaifuta kwa kifutio kilekile.

Leo natengeneza simu karibu na stendi.
Mashine iko rafu ya juu; sisimizi wametaga ndani,
sijawafukuza.
Juzi alikuja Hashimu, mvi kidevuni, kioo cha simu kimepasuka,
akaliomba daftari.
Alishuka na kidole, jina kwa jina, akicheka peke yake,
mpaka pale karatasi ilipochakaa.
Aliinamisha ukurasa kwenye mwanga.
"Hapa palifutwa nini?"

"Meno," nikamwambia.
"Nilikuwa nasafisha meno.
Na kioo ni elfu thelathini, leta kabisa."