Kabla Hujavuta Kamba

Usiivute bado kamba, Nalinga.
Simama hapa kwanza, taa ya simu inatosha,
nikuone ulivyojifunga.
Kipupwe cha Newala hakina aibu, kinaingia hadi kwenye mifupa.
Najua unataka mashine iwake upesi
ikupashe mgongo moto.
Subiri.

Leso mdomoni si barakoa. Leso ni leso.
Barakoa imo kwenye mfuko wa mkate, juu ya kabati,
na miwani nimeipangusa kwa upindo wa khanga.
Vaa. Usiniambie inatia ukungu.
Ukungu wa kioo hufutika.
Salfa ikiingia jichoni utalia maji gani,
nasi hapa tunayanunua kwa ndoo?
Dumu la lita tano liko chini ya mkorosho wa mpakani.
Si la kunywa, si la kunawia miguu.
Ni la macho yako.

Petroli umetia? Na oili, kwa kile kifuniko?
Ikiisha katikati ya shamba usiongeze mashine ikiwa bado inahema.
Ivue mgongoni, iweke chini, kaa mbali nayo,
hesabu mikorosho,
ila muhogo usiuguse kwa mikono hiyo.
Na yule rafiki yako Mkwemba, wa sigara sikioni,
mwambie mama amesema abaki barabarani.
Salfa ni unga, sawa, lakini si unga wa ugali:
cheche moja inatosha kuupika, na wewe ndani.

Upepo, yaulize majani.
Yakinyamaza na umande wake, puliza.
Ukiona unga unakurudia usoni
shamba limeshakuambia basi,
rudi, hata kama imebaki miti sita.
Na kwa Bi Asumini kuna mtoto wa siku kumi na mbili.
Mistari miwili ya upande wake tutaiacha.
Ubwiri ukiila, uile.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililoniamsha saa tisa.
Salfa ikinywa unyevu hushikamana.
Mashine itakohoa, mpira utatoa hewa tupu,
na mkono wako, kwa kuwa ni mkono wa baba yako,
utataka kwenda wenyewe kuzibua.

Baba yako hakuwa mjinga.
Alikuwa na haraka, mikorosho imeanza kuchanua,
na kizuizi cha feni kilikuwa kimeng'oka tangu msimu wa nyuma,
kila wiki fundi anasema kesho.
Alisema, sekunde moja tu.
Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Sikusikia yowe.
Nilisikia mashine ikibadili sauti, kidogo,
kama mtu aliyekanyaga kokoto,
kisha ikaendelea.

Mwezi wa kumi, kwenye chama cha msingi,
karani akasogeza kitabu na kidau cha wino:
"Dole gumba la kulia, mzee."
Baba yako akaweka la kushoto.
"La kulia, nimesema."
Foleni nzima ikatazama magunia.

Kwa hiyo izime. Izime kabisa, siyo kupunguza moto.
Ngoja feni nayo inyamaze, maana huendelea kuzunguka
kama mtu asiyejua kwamba ugomvi umekwisha.
Ndipo uchukue kijiti hiki.
Nimekichonga mwenyewe, nimekifunga kwa uzi kwenye mkanda wako
usije ukaniambia kilipotea.
Kikikatwa, tutachonga kingine. Miti ipo.

Haya, kunapambazuka.
Mikorosho imelowa, imetulia, inakungoja.
Mguu mmoja mbele. Kamba usiizungushe kiganjani.
Vuta.

Nitakuwa jikoni, lakini sitapika.
Nitasikiliza.
Ikinyamaza nitajua umezima.
Ikinguruma nitajua upo.
Ni ile sauti ya katikati
ambayo sitaki kuisikia tena.