Gundi ya Muhogo

Nilizibandika sura zote mbili kwa gundi moja,
uji wa muhogo nilioupika kwenye debe la rangi,
kwenye ukuta mmoja chini ya Kololo,
pale lami inapokoma na mfereji wa Kamwokya kuanza kunuka.
Kulia Prinsi Sulaiti, suti nyeupe, meza shilingi milioni mbili.
Kushoto Katala, fulana iliyotobolewa makusudi,
kiingilio elfu tano, watoto bure.
Usiku uleule, saa ileile.
Nililipwa na wote. Sikuuliza kitu.

Walianza kwa maneno.
Katala alisema redioni: jogoo wa hotelini hajui kumekucha.
Sulaiti akajibu, akichekea puani:
mimi siwaimbii watu wanaohesabu chenji.

Chenji!
Neno dogo kama kokoto ndani ya kiatu.
Likashuka kilima kwa bodaboda,
likaingia saluni ya Nabukeera, likatoka limevimba:
kasema tunanuka, kasema tuoge kwanza.
Lilipofika gereji ya Byakatonda
alikuwa keshatutukania mama zetu,
yeye, Sulaiti, ambaye mama yake
aliuza nyanya za mafungu hatua ishirini kutoka hapo
na mpaka leo ana deni la chumvi kwa Haji Kigozi.

Jumamosi, saa mbili usiku, umeme ukakatika bondeni.
Juu haukukatika.
Nani aliukata? Labda transfoma, imezoea kufa.
Lakini spika za Katala zilinyamaza katikati ya mstari,
na ndani ya kile kimya tukasikia, wazi kabisa,
watu wa juu wakipiga makofi.

Sijui jiwe la kwanza lilitoka mkono gani.
Tairi la kwanza nalijua: la Byakatonda,
alilokuwa akilitunzia pikapu yake.
Tulipanda na moto. Nasema tulipanda, maana nami nilikuwepo,
nimeshika brashi yangu. Sijui kwa nini brashi.
Hatukufika getini.
Askari walitusemesha Kiswahili, lugha ya kambini,
toka, lala chini, toka,
na moshi wao ukatufunza kulia bila msiba.
Tukageuka. Hasira iliyoshindwa kufika juu
ikatafuta kilicho karibu:
kibanda cha chapati cha Nakimuli,
trei tatu za mayai, mwavuli wa kampuni ya simu.
Nakimuli, aliyekuwa na tiketi ya Katala sidiriani.

Asubuhi nilikwenda kuutazama ukuta.
Joto lilikuwa limeukausha uji, karatasi zimejikunja,
shavu la Sulaiti limelalia mdomo wa Katala,
hujui nani anamnong'oneza nani.
Redio ilisema wote wawili wamesikitika,
wote wawili wako salama,
na tarehe mpya itatangazwa.

Nakimuli alikuwa amechuchumaa, anakwangua masizi kwenye bati.
Hakuniuliza habari za muziki.
Aliniuliza ule unga wa muhogo niliununua duka gani,
na kama umebaki,
maana ngano imepanda, na watu leo watakula nini.
Nikampa uliobaki, kilo na nusu.

Mchana kijana wa pikipiki akaniletea bando la mabango mapya.
Nimeyasukuma uvunguni.
Malipo yake, nakiri, ni mazuri.
Unga ndio sina.