Kuinuka

Mwalimu akiita "Somoe!" naye akisimama ghafla,
mkono wa kushoto unajinyonga
kama mkia wa mjusi uliokatika,
shingo inageukia ukutani.
Punde tu. Hesabu hadi ishirini, basi.
Darasa zima, hapa Kitangari, limeshasema: mashetani.

Baba anabangua korosho, kimya.
Mnadani wanamwita Maringo,
kwa vile jina lake likitajwa hainuki upesi:
hunyoosha kidole kwanza, kisha goti,
kisha ndiyo mtu mzima.

Usiku alimkalisha binti mkekani.
"Tazama," akasema, akachomoka wima,
na mkono wake, uleule wa kushoto,
ukajinyonga.

Somoe akahesabu kwa sauti.
Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Unahesabu mbio," akasema baba,
mdomo haujanyooka bado.